Steringi Anayemumunya Maneno

Mara ya kwanza kuitazama Snatch nilikuwa kwenye banda la video, uswahilini Dar es Salaam, na kabla haijafika nusu watu walishaanza kudai hela zao. Mwenye banda hakuwa amehangaika na jina la filamu. Kwenye ubao wa mlangoni aliandika kwa chaki "Saa 2 usiku: STATHAM", na kweli ilitosha, benchi zilijaa. Wakati huo Jason Statham alikuwa mtu wa mateke, magari na mashati yanayochanika, na diski yenyewe ilikuwa ile ya kuchoma, picha nane za mtu mmoja kwenye kasha moja. Sasa watu wamekaa, feni inazunguka, na jamaa waliyemlipia yuko kwenye skrini amevaa koti, anaongea. Anaongea tu. Dakika ya arobaini hiyo, hajampiga mtu hata kofi.

"Kwani steringi yuko wapi?" kijana mmoja akauliza kwa hasira.

Aliyekulia kwenye mabanda hahitaji kuelezwa steringi ni nani. Ni yule asiyekufa. Picha ikianza, kazi ya kwanza ya mtazamaji ni kumtambua, maana ukishamjua unajua pa kuweka roho yako. Hayo mengine, yaani adui, msichana na polisi, yatajipanga yenyewe. Na nimekuja kuamini kwamba lile swali la hasira lilikuwa la maana kuliko mengi niliyoyasoma baadaye kuhusu filamu hii, kwa sababu Snatch imejengwa kwa makusudi ili usimwone steringi hata akiwa mbele ya macho yako.

Ilitoka mwaka 2000, ikiwa filamu ya pili ya Guy Ritchie. Ya kwanza, ya 1998, ilitengenezwa kwa fedha isiyofika paundi milioni 1 na ikageuka gumzo Uingereza nzima. Hii ya pili ikapewa kama dola milioni 10 na kuingiza zaidi ya milioni 80. Kisa chake ukikisimulia kwa mpangilio utachoka wewe na msikilizaji. Almasi ya zaidi ya karati 80 inaibwa Antwerp, Ubelgiji. Mwizi aliyeibeba, Franky wa Vidole Vinne, anapitia London, na udhaifu wake ni kamari. Huko London, Turkish, ndiye huyo Statham, ni promota wa ndondi za ngumi mitupu zisizo na kibali. Anataka kununua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, iwe ofisi yake. Almasi na karavani havihusiani hata kidogo. Filamu nzima ni jinsi vitu hivyo viwili vinavyokuja kugongana, pamoja na mbwa mmoja anayemeza kila kitu.

Watu husema filamu hizi zinapendwa kwa sababu ya ukatili wake. Mimi naona wamekosea. Kaa uhesabu damu unayoiona kwa macho. Mkono unakatwa ili kupata mkoba uliofungwa kwa pingu, lakini kamera inatazama pembeni. Maiti ya Franky tunaikuta imekaa kitini, kichwani imevikwa kile kifuniko cha kitambaa Waingereza wanachofunika birika la chai lisipoe. Mtu anauliza kwa nini marehemu kavikwa kitu kile, anajibiwa kwamba ni ili kichwa chake kisipate baridi. Mauaji yalishapita, kilichobaki ni mazungumzo ya juu ya maiti, na mazungumzo ndiyo yanayochekesha. Ukatili umo, tena mwingi, ila umewekwa mdomoni zaidi kuliko mikononi.

Mwangalie Brick Top. Huyu ndiye adui, mzee wa miwani mizito kama vitako vya glasi, na aliyemwigiza, Alan Ford, hainui sauti ovyo. Anaandaliwa chai, anaulizwa kama atataka sukari, anajibu kwamba hapana, yeye mwenyewe ni mtamu wa kutosha. Kisha, mahali pengine, anatoa somo la nguruwe. Anaeleza wanahitajika wangapi ili kummaliza mtu mmoja: kumi na sita. Anaeleza washindishwe njaa siku ngapi, na kwa nini nywele na meno ya marehemu lazima viondolewe kwanza. Anaongea kama bibi shamba anayewafundisha wanakijiji kutengeneza mboji. Hatuonyeshwi hata mlo mmoja wa nguruwe hao, wala haihitajiki.

Halafu kuna lile tukio la baa, ambalo mimi ningelifundisha kwa yeyote anayetaka kuandika mchezo wa kuigiza. Vibaka watatu wanamfuata Tony, mbabe wa kukodiwa ambaye sifa yake ni kwamba alipigwa risasi sita akabaki hai. Ameketi na bia yake. Wamemnyooshea bastola, mikono inatetemeka. Yeye hanyanyuki. Anaanza kuwachambua taratibu, jinsi walivyoingia kwa mbwembwe na jinsi ujasiri wao unavyosinyaa dakika hii wakiwa wamesimama pale. Kisha anawaonyesha kitu ambacho wao wenyewe hawakukiona: ubavuni mwa bastola zao kumeandikwa kwamba ni za bandia. Ubavuni mwa ile yake, iliyolala mezani karibu na glasi, kumeandikwa jina na ukubwa wa bastola halisi. Anawaambia waondoke, nao wanaondoka. Risasi haijalia. Mtu ameshinda vita kwa kusoma maandishi kwa sauti.

Aliyemwigiza Tony ni Vinnie Jones, na hapa wapenzi wa soka wa rika langu hawahitaji utangulizi. Ndiye yule kiungo wa Wimbledon waliowafunga Liverpool bao 1 kwa bila kwenye fainali ya Kombe la FA 1988, timu iliyosifika kwa viwiko kuliko pasi. Ritchie alikuwa na jicho la kuwaokota watu wa namna hiyo. Statham mwenyewe alikuwa mpiga mbizi wa mashindano aliyefika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1990, na aliwahi kuuza manukato na vito vya bei chee barabarani London. Katika filamu ile ya 1998 alikuwemo Lenny McLean, bondia halisi wa ngumi mitupu, aliyefariki wiki chache tu kabla haijaingia kumbini.

Ritchie hakuzaliwa katika maisha hayo anayoyaonyesha. Shule aliiacha akiwa na miaka 15, hilo ni kweli, lakini baba yake wa kambo alikuwa na cheo cha ukabaila cha kurithi na nyumba ya kufanana nacho. Waingereza wana neno maalumu la kumcheka mtu wa tabaka lake anayejitia lafudhi ya mashariki ya London, na wamemrushia mara nyingi. Mfano wa kwetu ungekuwa mtoto wa Masaki anayetengeneza picha ya Manzese. Unaweza kumkasirikia. Lakini kama amewachukua watu wa Manzese wenyewe, akawaacha waongee kwa midomo yao, na ana sikio la kuyanasa wanayosema, mwishowe utalipa kiingilio. Sikio hilo Ritchie alikuwa nalo, angalau wakati ule.

Na lugha ya mashariki ya London ina utajiri wa kumtosha. Ni lugha iliyokua kwa wachuuzi na watu wa magendo, ambao walikuwa na sababu zao za kutotaka askari wawaelewe. Badala ya kusema ngazi wanasema tofaa na mapeasi, kwa kuwa kwa Kiingereza maneno hayo yana vina na ngazi. Wakiisha kuzoeana wanayakata, kina chenyewe kinapotea, na mgeni hana pa kushikia. Waliocheza kinyume utotoni kule pwani, wakigeuza silabi za maneno ili wakubwa wasisikie, wanaijua starehe hii. Wapo waliolelewa na sheng Nairobi wanaoijua zaidi. Katika filamu ya 1998 kuna mahali ambapo mtu wa baa anasimulia kisa kwa lugha hiyo, na Ritchie akaweka tafsiri ya Kiingereza chini ya Kiingereza. Mzaha ulikuwa juu ya watazamaji wake mwenyewe.

Katika Snatch mzaha huo ukawa uti wa mgongo. Brad Pitt, wakati huo miongoni mwa nyota wakubwa kabisa wa Hollywood, aliipenda filamu ya kwanza akaomba nafasi katika ya pili. Lafudhi ya London ikamshinda. Ritchie akampa Mickey, bondia wa jamii ya Travellers wa Ireland, watu wa kuhamahama, na akamwachia amumunye maneno kiasi kwamba hata Mwingereza haambulii kitu. Tommy, msaidizi wa Turkish, anapotumwa kambini kununua karavani, anaulizwa na Mickey kama anapenda kitu fulani. Anauliza tena. Anaulizwa tena. Mara tatu nne hivi, hadi mbwa wanapopita ndipo anapong'amua kwamba muda wote alikuwa anaulizwa habari za mbwa.

Ukumbi mzima unacheka hapo, na wengi huishia kwenye kicheko. Lakini angalia kinachotendeka huku unacheka. Tommy analipa pesa. Anaondoka na karavani. Gurudumu linachomoka hata hajatoka kambini. Bondia wake, pande la mtu, anadai haki kwa ubabe, na Mickey anamlaza kwa ngumi moja. Katika robo saa, mtu ambaye hakuna aliyeelewa neno lake hata moja ameuza kitu kibovu, amebaki na hela, na amemwachia Turkish tatizo la kukosa bondia kwa pambano aliloahidiana na Brick Top.

Basi nirudi kwenye banda. Yule kijana alipouliza steringi yuko wapi, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, alijibu bila kugeuka: "Si huyo mwenye mbwa." Watu wakamcheka. Mwenye mbwa ni mlevi, amejichora mwili mzima, anaongea kama ana ugali mdomoni. Mzee hakubishana.

Nilidhani amebahatisha. Leo nafikiri aliona vizuri kuliko sisi tuliojifanya tunajua Kiingereza. Sisi tulikuwa tunawafuata wanaoongea. Turkish ndiye msimulizi, sauti yake iko masikioni mwako tangu mwanzo, anakutambulisha mtu mmoja mmoja kwa jina na la utani, picha inagandishwa ili upate nafasi ya kuwakariri, kama vile Lufufu, mtafsiri wa filamu za kigeni, alivyokuwa akifanya kwenye mikanda yake hapa Dar, au DJ Afro kule Kenya: huyu hapa ni fulani, mtu hatari, msubirini. Tumezoea kwamba anayesimulia ndiye anayejua. Turkish hajui kitu. Kila mpango wake unaharibiwa na mwingine. Tony anaongea kuliko wote na anakufa kwa risasi ya tajiri wake mwenyewe, iliyokuwa inamlenga mbwa. Brick Top mwenye somo la nguruwe anaishia kama yeyote aliyemdharau mtu asiyemwelewa. Katika filamu ambamo kila mtu anapigana kwa maneno, anayeshinda ni yule ambaye maneno yake hayashikiki. Mzee fundi, ambaye Kiingereza hakukijua, hakuwa na cha kusikiliza. Kwake wote walikuwa wanamumunya. Akabaki kutazama mikono na macho, akamwona muuzaji.

Hapa ndipo ninapoona mvuto wa Snatch ulipo hasa, na sijui kama Ritchie mwenyewe alilipanga au lilimtokea. Waingereza wana mapenzi ya zamani na majambazi wao. Wiki chache baada ya filamu hii kuingia kumbini, mnamo Oktoba 2000, alifariki Reggie Kray, mmoja wa mapacha waliotawala uhalifu wa mashariki ya London miaka ya 1960 na kuhukumiwa kwa mauaji mwaka 1969. Jeneza lake lilipitishwa mitaa ya Bethnal Green kwa gari la kuvutwa na farasi, watu wamejipanga barabarani kama wamefiwa na mbunge wao. Wanao pia utamaduni wa kuwacheka majambazi haohao. Kuna vichekesho vya 1955 ambamo genge zima la wezi linajifanya wapiga muziki katika nyumba ya bibi kizee, wanauana mmoja baada ya mwingine, na bibi anabaki na fedha. Snatch imesimama kati ya jeneza la farasi na yule bibi. Inampamba jambazi kwa suti, muziki na maneno ya kukariri, kisha inamvuta kiti anapotaka kukaa. Anayekaa ni mtu aliyekuwa nje kabisa, hakualikwa, na jina analoitwa na wote katika filamu ni tusi.

Tusi hilo nalo halipaswi kupitwa kimyakimya. Mwaka huohuo wa 2000, mahakama moja London iliamua kwamba Travellers wa Ireland ni kabila linalostahili ulinzi wa sheria dhidi ya ubaguzi. Ireland yenyewe ilikuja kuwatambua rasmi 2017. Baa nyingi zilikuwa zikiwafungia milango, na filamu inalirudia jina la dharau kwa starehe, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Inawaonyesha kuwa matapeli. Baadaye inawapa ushindi, lakini ushindi wenyewe ni wa utapeli pia. Nimewahi kuitetea filamu kwa kusema kwamba wanaotukana ndio wanaoadhibiwa, na bado naiona hoja hiyo ina nguvu. Haimalizi jambo.

Kinachoiokoa, kwangu, ni dakika moja isiyochekesha. Mickey amekataa kupigana tena mpaka mama yake anunuliwe karavani. Mama huyu ndiye mwanamke pekee mwenye uzito katika kisa chote, na tunamsikia kwa shida, jambo ambalo lenyewe ni aibu kwa filamu yenye watu wengi hivi. Usiku watu wa Brick Top wanakuja na kuichoma karavani, naye yumo ndani. Mickey anakimbia kuufuata moto, anazuiwa, anapambana na wanaomzuia. Hakuna sauti ya Turkish ya kupoza, hakuna jina la utani, hakuna neno la kuchekesha. Banda letu lilikuwa na kelele tangu mwanzo, kelele za watu waliotapeliwa, na hapo zikakatika. Hata yule aliyekuwa anadai hela alinyamaza. Mtu ambaye hatukuelewa neno lake hata moja analia, na kilio hakikuhitaji tafsiri.

Ritchie amerudi London ya majambazi mara kadhaa tangu hapo, ikiwemo ile ya 2019 yenye mabwana wa bangi na makabaila waliofulia, ambayo nayo imezaa tamthilia ya televisheni. Suti zimekuwa nzuri zaidi, lugha imekuwa chafu zaidi, hesabu za nani anamzunguka nani zimekuwa ngumu zaidi. Nimezitazama na kucheka. Sikumbuki mahali ambapo kicheko kilinikwama. Wanaomwiga, na walijaa Uingereza miaka ile ya mwanzo ya 2000, walichukua ukataji wa haraka wa picha, kama ule wa Avi, yule tajiri aliyemkodi Tony, kutoka New York hadi London kwa sekunde chache: mlango wa teksi, kidonge, glasi ya pombe, ndege, muhuri wa pasipoti. Hayo yanaigika. Karavani inayoungua hawakuichukua, labda walidhani imeingia kwa bahati mbaya.

Pambano la mwisho nalifahamu kwa moyo sasa, lakini usiku ule lilitushika wote. Mickey amelewa tangu matanga ya mama yake. Amekubali kuanguka raundi ya nne. Anapigwa mpaka ananing'inia hewani, polepole, kama mtu aliyezama majini. Raundi ya nne inafika. Anainuka na kumlaza mpinzani. Huko kambini wenzake walikuwa wanawasubiri watu wa Brick Top na bunduki, na kumbe Mickey alikuwa amejichezea kamari mwenyewe kwamba atashinda. Mpango ulikuwepo muda wote. Ulisemwa mbele yetu, labda, katikati ya yale maneno yaliyomumunywa.

Mzee fundi hakusema "niliwaambia". Aliwasha sigara tu.

Asubuhi yake, kwenye filamu, Turkish na Tommy wanakwenda kambini na kukuta pametupu. Travellers wameondoka usiku na karavani zao zote. Polisi wamejaa, wanawauliza hawa wawili wanatafuta nini mahali kama pale. Mbwa anatokea mbio, na jibu linalopatikana ni kwamba wamekuja kumtembeza mbwa.

Mwenye banda alikuwa na Kiingereza kidogo, akatutafsiria hilo kwa sauti. Ndiyo sehemu iliyochekesha kuliko zote usiku ule. "Mbwa anatembezwa?" yule kijana wa hela akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hasira. "Anatembezwa aende wapi?"